Moshi wa Jikoni Rulenge

Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, vilima vya Rulenge hubadilika rangi. Majani hukauka, vumbi jekundu hufunika migomba, na jioni moshi wa majiko hutanda mabondeni. Mgeni huona uzuri. Mimi, kwa kuwa ni muuguzi, humfikiria mgonjwa wa pumu.

Jioni moja ya Julai, mimi na akina mama wenzangu wa kanisani tulitembelea familia moja. Mtoto wa miaka minne alikuwa ameketi karibu na mafiga, mabega juu, kifua kikilia kama filimbi. Maharage yalikuwa motoni tangu mchana, kuni zilikuwa mbichi, na kuku walilala pembeni.

“Dada, kila usiku anabanwa,” mama yake aliniambia, “nami kila usiku namsogeza motoni apate joto.”

Alifanya hivyo kwa upendo, maana usiku wa milimani una baridi. Lakini njia za hewa za mwenye pumu hukasirika upesi. Zikiguswa na moshi au vumbi, huvimba, hujikaza na kujaa makohozi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani.

Fedha za jiko la gesi hazikuwapo. Tulianza na yaliyowezekana: kuanika kuni, kuloweka maharage usiku kucha ili yaive upesi, kuwahamisha kuku, na kumlaza mtoto chumba kingine kwa blanketi zito. Nilimsihi pia mama ampe mtoto dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu kila siku kama alivyoagizwa, hata asipobanwa. Na akishindwa kuzungumza, mbavu zikididimia au midomo ikigeuka rangi, asingoje asubuhi. Ampeleke hospitali mara moja.

Niliporudi Septemba, pumu haikuwa imekwisha. Lakini mama alisema mwezi ule mtoto alibanwa usiku mara tatu tu. “Hata mimi sikohoi tena,” aliongeza akicheka.

Mama mwenzangu, leo jioni kabla hujawasha moto, tazama kwanza mtoto ameketi wapi.