Behewa Ndani ya Kisanduku

Mtoto wa Ubaruku hahitaji kufundishwa kuunda gari. Bua la mahindi, kijiti na ndala iliyokatika ukanda humtosha: bua huwa bodi, kijiti huwa ekseli, ndala hukatwa ikawa magurudumu manne, na kabla ya jua kutua gari limekwisha kupakiwa mchanga badala ya mpunga. Gari la namna hii halina kipimo, wala halikihitaji. Likifanana na lori kwa ngurumo aitoayo mtoto alisukumaye, limefanana vya kutosha. Lakini mtu mzima atakaye kuuza behewa dogo la reli, lililo vipande vipande ndani ya kisanduku ili mnunuzi aliunge mwenyewe, hana budi kuuaga uhuru huo. Mnunuzi wake atalitazama akiwa na rula mkononi.

Wanunuzi wa vitu hivyo wapo, wala si watoto. Ulaya, Marekani, Japani na Afrika ya Kusini wako watu wazima watengao chumba au meza moja ya nyumba yao kwa reli ndogo, wakaijengea stesheni, madaraja na milima. Wengi hununua treni iliyokwisha kuungwa. Wengine raha yao imo katika kukata, kugundisha na kupaka rangi. Behewa litokalo dukani limekamilika ni kwao kama chakula kilichotafunwa na mwingine. Hao ndio wateja wa mfanyabiashara mdogo. Kampuni kubwa huunda mabehewa ya reli zijulikanazo na wengi, na yaliyobaki huachiwa watu wawili watatu wafanyao kazi jioni katika karakana ya uani.

Biashara hii ina kisa cha kuchekesha katika asili yake. Mwaka 1901, katika mji wa New York, Joshua Lionel Cowen aliunda behewa la wazi la mbao, akalitia mota ndogo, akampa mwenye duka aliweke dirishani libebe bidhaa na kuvuta macho ya wapita njia. Wapita njia walivutwa kweli. Ila walichotaka kununua kilikuwa behewa, si bidhaa. Kampuni ya Lionel, iliyokuwa imeanzishwa mwaka mmoja kabla, ikapata riziki yake hapo. Kisa hicho husimuliwa kama habari ya bahati, nacho kina hesabu ndani yake. Treni huvutwa na injini moja, lakini mabehewa yake ni mengi. Aliyenunua injini ameshiba. Aliyenunua behewa moja hajaanza hata kula. Tena behewa la mizigo la siku hizi halina haja ya mota wala nyaya, na kwa hiyo mwenye mtaji mdogo akianza na behewa, hakuanza na kitu duni.

Behewa gani, basi? Mkaaji wa Ubaruku hana haja ya kulitafuta mbali. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa kwa Tanzania na Zambia mwaka 1976, hupita kando ya bonde la Usangu baina ya Makambako na Mbeya, katika safari yake ya kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Shaba ya Zambia imeteremka kwa njia hiyo, na mbolea imepanda.

Hapa ndipo wengi wajikwaapo. Tanzania ina reli za upana wa namna tatu. Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000 baina ya chuma na chuma. TAZARA ina 1,067, sawa na reli za Zambia na za kusini mwa Afrika. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ina 1,435. Katika reli za mfano uwiano upendwao kuliko wote ni 1:87, na njia yake ina upana wa milimita 16.5. Zidisha 16.5 kwa 87, nawe utapata kama 1,435. Maana yake ni kwamba behewa la TAZARA likipunguzwa mara 87 na kuwekwa juu ya njia hiyo, limehamishwa kimyakimya kwenye reli nyingine.

Fundi mvivu atasema tofauti hiyo haionekani. Jirani yake hataiona, ni kweli. Lakini mtu aliyekaa Mbeya miaka mingi, akaondoka, na sasa ataka kuiweka mezani treni aliyoizoea, ataona behewa limesimama kama mtu aliyetanua miguu. Dawa ipo, wala si ghali. Behewa lipunguzwe mara 64 badala ya 87, njia iwe ileile ya milimita 16.5. Gawa 1,067 kwa 64: jibu ni 16.67, na tofauti haifiki hata robo ya milimita. Waunda mifano wa New Zealand, ambao reli zao zina upana huohuo wa 1,067, wamekuwa wakiitumia hesabu hii siku nyingi. Behewa la mita 12 hapo huwa na milimita 187.5, karibu na urefu wa penseli mpya.

Vipimo vyenyewe havipatikani kwa kukisia kutoka dirisha la basi. Wala njia ya treni si mahali pa kuzurura na futi kamba: fundi huandika barua, husubiri, huandika tena. Jina na alama ya reli vina mwenyewe pia, na kuvichapa ubavuni mwa kitu cha kuuza kwataka idhini. Kazi hii inachosha. Hata hivyo ndiyo mali pekee aliyo nayo mtu wa Ubaruku. Mtu wa Chicago ana mashine bora zaidi, na kila aina ya plastiki humfikia mlangoni, behewa hana.

Na behewa halitangoja. TAZARA ilikusudiwa kuchukua tani milioni mbili kwa mwaka. Katika mwaka 2014/15 ilichukua chini ya tani 100,000. Septemba 2025 serikali mbili zilitia sahihi mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC wa kuifufua kwa dola bilioni 1.4. Mabehewa mapya yakiingia, ya kale yataelekea kwenye chuma chakavu, na yasiyopimwa hayatapimika tena.

Kuhusu fedha, maneno machache yatosha. Kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki hudai maelfu ya wanunuzi kabla ya kurudisha gharama. Fundi mdogo huunda behewa moja kwa mkono, hulifinika kwa mpira wa silikoni, kisha humimina rezini humo. Kalibu ya mpira huchakaa baada ya kutoa makumi machache. Tuseme imegharimu shilingi 300,000 ikatoa mabehewa 30: kila moja limekwisha kubeba 10,000 kabla ya rezini, magurudumu, kisanduku na posta. Asiyeiandika hesabu hiyo huuza sana na kufilisika. Kibaya zaidi ni kupokea fedha za watu kwa behewa ambalo bado ni wazo. Wengi katika biashara hii wamepoteza jina kwa njia hiyo, hata wenye mikono hodari.

Karatasi ya maelekezo huandikwa mwisho, ilhali ingefaa kujaribiwa mapema. Apewe kijana wa karakana asiyepata kuliona behewa likiungwa, aachwe nayo peke yake. Kila mahali asimamapo akikuna kichwa, kosa ni la karatasi. Kisha kuna namba. Anunuaye mabehewa sita hataki sita yenye namba moja, kwa kuwa treni ya namna hiyo haijapata kupita popote. Maandishi ya kubandika yawe na namba mbalimbali, nazo ziwe zile zilizoonekana kweli ubavuni mwa mabehewa ya aina ile, zikaandikwa daftarini na mtu aliyesimama kando ya reli treni ikipita.