Vishikwambi vya Sensa na Ekari Saba za Shule

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 nchi hii ilihesabiwa. Makarani wa sensa walipita mlango kwa mlango wakiwa na vishikwambi mkononi badala ya madodoso ya karatasi, na tarehe 31 Oktoba Rais akatutangazia kwamba tupo watu 61,741,120. Hesabu ikaisha, vishikwambi vikabaki. Serikali ikaamua kwamba vifaa hivyo, zaidi ya laki 2, viende kwa walimu. Niliusifu uamuzi huo wakati ule na ninausifu hata leo. Ni nadra kwetu kifaa cha mradi mmoja kupewa maisha ya pili. Vingi huishia stoo, vikiwa na namba ya mali ya Serikali iliyoandikwa kwa rangi nyeupe.

Kila mwaka, msimu wa mazoezi ya kufundisha unapowadia, sisi wahadhiri wa elimu hutawanyika mikoani kuwakagua wanafunzi wetu wanaojifunza ualimu. Tangu vishikwambi vilipogawiwa nimejiwekea swali moja ambalo humwuliza kila mwalimu mwenyeji ninayekutana naye: kishikwambi chako kiko wapi? Majibu ningeweza kuyapanga mafungu mafungu. Kipo kabatini kwa mkuu wa shule, kimesainiwa daftarini, na hakitoki kwa sababu kikipasuka kioo mwalimu atakatwa mshahara, au angalau ndivyo alivyoambiwa. Kipo nyumbani, watoto wanatazamia katuni. Kipo hapa, Dokta, ila hakina bando. Na jibu ninalolisikia mara nyingi kuliko yote: ninacho, ninajazia PEPMIS.

Kwa msomaji asiye mtumishi wa umma, PEPMIS ni mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji kazi uliochukua nafasi ya zile fomu za OPRAS. Mwalimu hujaza majukumu yake, kisha hujaza alichokitekeleza, kisha humsubiri msimamizi wake athibitishe. Sina ugomvi na upimaji. Lakini tazama mwelekeo wa habari ndani ya kifaa kile: kilizaliwa ili kuwapelekea wakubwa takwimu za wananchi, na sasa kinawapelekea wakubwa takwimu za mwalimu. Ni mara chache kigeuzwe uso kumwelekea mtoto aliye mbele ya ubao. Na bando, mara nyingi, linatoka mfukoni mwa mwalimu.

Haikuwa lazima iwe hivyo, na tunao ushahidi katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Teknolojia yake ilikuwa redio, tena si redio kwa kila mtu, bali redio moja kwa kikundi. Watu wapatao milioni 2 walikaa chini ya miti na katika madarasa ya jioni, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, kisha kiongozi wa kikundi akawauliza: je, sisi hapa kwetu, maji tunayokunywa yakoje? Baada ya swali walikwenda kuchimba vyoo, kufukia madimbwi na kufyeka vichaka. Waliobuni kampeni ile walielewa jambo ambalo wauzaji wa vifaa hawalielewi, au wanalielewa na kulinyamazia: redio haikuwa somo. Somo lilianza redio ilipozimwa.

Nimelikumbuka hilo mwaka huu katika shule moja ya kata, mwendo wa saa moja na nusu kwa bodaboda kutoka makao makuu ya wilaya. Jina la shule sitalitaja, kwa sababu zitakazoeleweka mbele. Ni mojawapo ya shule zilizojengwa wakati wa MMES, miaka ile iliyofuata 2004, wananchi walipofyatua matofali na kusomba mchanga ili kila kata ipate sekondari yake. Kijiji kilitoa ekari 20. Ushahidi wa utoaji huo ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Hati hapakuwa, bikoni hazikuwekwa. Nani angedhani kwamba shamba la shule lingehitaji kulindwa dhidi ya wazazi wa wanafunzi?

Mwalimu mwenyeji wa mwanafunzi wangu anafundisha Jiografia. Ni mama wa makamo, mtulivu, mwenye sauti ya chini inayowalazimu wanafunzi kunyamaza ili wamsikie. Alikuwa anaingia kidato cha tatu, mada ya usomaji wa ramani, vipindi viwili mfululizo, akanikaribisha nikae nyuma. Siku chache kabla alikwenda mjini kwa nauli yake. Katika steshenari moja yenye intaneti aliwasha kompyuta, akafungua Google Earth, akaitafuta shule yake, akarudisha miaka nyuma na kuhifadhi picha mbili zilizopigwa kutoka angani: ya 2007 na ya 2023. Akazipakia kwenye kishikwambi. Kwa kuwa kishikwambi kimoja hakiwatoshi wanafunzi 74, akachapisha nakala nane za kila picha.

Hakuanza na maelezo. Aligawa picha ya 2023 na kuuliza: hapa ni wapi? Kimya. Mtu hajazoea kukiona kwao kutoka juu. Mabati huwa vipande vyeupe na njia huwa nyuzi. Kisha msichana mmoja akainua mkono nusu, kama anayeogopa kuchekwa, akasema kwa Kiswahili, “Mwalimu, huu si ule mwembe wa kwa mama wa maandazi?” Darasa likalipuka. Kila kikundi kikaanza kutafuta: kisima kile, msikiti ule, bweni lile ambalo halijaezekwa. Kishikwambi kikawa kinapitishwa kwa wanaotaka kukuza picha wathibitishe.

Alipowatuliza, aliwaonyesha kipimio kilicho chini ya picha, kile kimstari kinachosema urefu huu ni mita 50, akawaamuru wachore miraba ya mita 50 kwa 50 juu ya eneo la shule na kuihesabu. Miraba isiyotimia waiunganishe. Hii ndiyo mbinu ya zamani kabisa ya kukadiria eneo la umbo lisilo sawa, imo katika vitabu vya Jiografia tangu enzi zetu, na wengi wetu tuliikariri bila kupima kitu chochote. Kwenye picha ya 2007, wakifuata mstari wa mikonge uliokuwa mpaka, vikundi vilipata miraba 32 au karibu na hapo. Mraba mmoja ni mita za mraba 2,500. Jumla ni 80,000, yaani takriban ekari 20. Hesabu ilikubaliana na muhtasari wa kijiji, ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuuona.

Kisha picha ya 2023. Mikonge haionekani tena upande wa barabara. Waliweza kuhesabu miraba 21 tu.

“Miraba 11 imekwenda wapi?” akauliza kijana mmoja.

Nilimtazama mwalimu. Ni mtumishi wa umma, yuko chini ya mkuu wa shule, aliye chini ya ofisi ya elimu, iliyo chini ya mkurugenzi, na kila mmoja wao ana sababu ya kutolipenda swali lile. Miraba 11 ni karibu ekari 7. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Andikeni tofauti. Kesho jioni tutakwenda kupima kwa kamba, kwa sababu picha nayo inaweza kudanganya.”

Nilibaki siku moja zaidi ili nione. Walikuja na kamba ya katani yenye fundo kila baada ya mita 5. Walipita mpaka kwa mpaka, mmoja akishika daftari, wawili wakivuta kamba, wengine wakichora. Ndani ya mpaka wa zamani walikuta nyumba tisa, mashine ya kusaga na ukuta wa ghala ambalo bado linajengwa. Moja ya nyumba zile ni ya kina yule msichana aliyeutambua mwembe. Baba yake alinunua kiwanja kwa fedha yake, akaandikiwa karatasi, ikagongwa muhuri. Alikuwa ameshika kamba wakati kundi lilipofika uani kwao, na kwa mara ya kwanza siku mbili zile sikusikia mtu akicheka. Mwalimu alimsogelea, akashika ncha ile ya kamba pamoja naye, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia: “Sisi tunapima ardhi. Hatupimi watu.” Wakaendelea.

Nimesoma maandiko mengi kuhusu kuingiza TEHAMA katika ufundishaji, mengine nimeyaandika mimi. Karibu yote huzungumzia vifaa, umeme, mtandao na mafunzo kwa walimu, na yote hayo ni ya kweli. Sikumbuki andiko lililozungumzia ujasiri. Kifaa kinachomwezesha mtoto kuona jambo kitamfanya aulize juu ya jambo hilo, na anayeulizwa kwanza ni mwalimu, si waziri. Ikiwa mwalimu anajua kwamba swali la mwanafunzi wake linaweza kumhamisha kituo cha kazi, ataliepuka kwa njia rahisi tu: atakifungia kishikwambi kabatini na kudai kwamba hakina bando. Tutaandika katika taarifa kwamba walimu hawana mwamko wa teknolojia.

Siku ya pili, asubuhi, nilimkagua mwanafunzi wangu, kwa kuwa ndiyo kazi iliyonipeleka. Ni kijana mwenye bidii. Alikodi projekta mjini, akaning'iniza shuka jeupe, akaonyesha filamu fupi ya mlipuko wa volkano yenye msimulizi wa Kimarekani anayesema haraka. Picha zilikuwa nzuri mno. Wanafunzi walitazama kwa adabu, na alipouliza kama kuna swali, hawakuwa nalo. Fomu yetu ya ukaguzi ina kipengele kinachouliza kama mwalimu ametumia projekta, kompyuta au kifaa kingine cha TEHAMA, na kwa mujibu wa fomu alistahili alama zote. Nilimpa, kisha tukakaa chini ya mti saa nzima tukizungumza kwa nini kamba ya katani ilifanya kazi ambayo projekta haikuifanya. Idarani nimependekeza kipengele kile kibadilishwe kiulize wanafunzi walifanya nini na kifaa. Kamati itakaa.

Kuna jambo la lugha ambalo siwezi kulipita. Somo la volkano lilikuwa la Kiingereza tangu salamu mpaka kuaga, na likawa kimya. Somo la ramani lilianza kwa Kiingereza. Tangu alipotajwa mama wa maandazi, Kiingereza kikatoweka, na mwalimu hakukirudisha mpaka dakika kumi za mwisho, alipoandika ubaoni istilahi ambazo mtihani wa taifa utazidai. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari. Zaidi ya miaka 40 baadaye bado tunajadiliana kama jambo hilo linawezekana, huku tukinunua vifaa ili kuchochea ushiriki wa wanafunzi darasani. Ushiriki mwingine haununuliwi. Ulikuwepo darasani, ukiwa umeamriwa kunyamaza.

Sitaki kumfanya mkuu wa shule awe adui katika simulizi hii. Alimwita mwalimu ofisini mbele yangu, akamwomba, kwa upole, mada iishie pale, kwa sababu mipaka ni jambo la Halmashauri. Mwalimu akamjibu kwamba uchoraji wa ramani umo katika muhtasari wa somo, naye bado hajasahihisha kazi za wanafunzi. Mkuu akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka kusimama katikati, akasema, “Basi sahihisha, mwalimu.” Alisahihisha. Ramani iliyo bora ikanakiliwa kwenye karatasi ya manila, ikionyesha mpaka wa zamani kwa wino mwekundu na wa sasa kwa bluu. Nyumba zimo kama miraba midogo isiyo na majina.

Nimewasiliana naye kwa simu juzi. Ameniambia mjumbe mmoja wa bodi ya shule aliiona ramani ile akaomba ipelekwe kikaoni, na bodi ikaandika barua kuomba eneo lipimwe rasmi na shule ipatiwe hati. Familia tisa nazo zimeandika barua yao, kuuliza aliyewauzia aliuza kwa mamlaka gani. Aliyeiandika kwa mwandiko safi ni yule msichana. Jibu la barua ya bodi lilikuja ndani ya wiki tatu, jambo ambalo kwa kweli ni la haraka. Linasema mpima yupo na yuko tayari, ila shule ichangie mafuta ya gari, lita 60. Bodi imekusanya za kutosha lita 25. Kidato cha tatu sasa wako kwenye mada ya tafsiri ya picha, na mwalimu amemaliza bando.