Shoga'angu

Mama alikuwa na shoga mmoja wa damudamu, jirani yetu wa nyumba ya pili pale Majengo, Mombasa. Kila alasiri jirani huyo alipopiga hodi, Mama alimjibu kutoka jikoni, "Karibu, shoga'angu, sukuma mlango!" Nililijua neno hilo kabla sijajua kusoma. Kwangu lilinukia iliki na mahamri. Lilikuwa neno la wanawake watupu. Mwanamume akimwita nalo mwanamume mwenzake, baraza zima hunyamaza.

Upande wake wa pili niliupata shuleni. Nikiwa darasa la sita nilitupiwa neno lilo hilo uwanjani kama jiwe, kwa sababu ya namna nilivyokimbia, au labda nilivyocheka. Jioni nikarudi nyumbani nikamkuta Mama akimwita nalo jirani kwa mapenzi yale yale ya siku zote. Nilikaa ukumbini nimeduwaa.

Mwaka 2004, nikiwa kidato cha pili, nilikwenda kulitafuta neno hilo kwenye saiba. Tulilipa shilingi moja kwa dakika, na siku hizo intaneti yetu ilipitia setilaiti, kwa hiyo ukurasa ulishuka tone kwa tone kama mfereji wa mtaani. Niliandika herufi tano, nikageuka kutazama nani yuko nyuma yangu, nikabonyeza. Ikaja kamusi iliyosema ni rafiki wa kike wa mwanamke. Zikaja na kurasa za watu wakilaani. Mimi sikuwemo huku wala kule. Nilipotafuta kwa Kiingereza nikapata watu wanaosimulia maisha yao, wengine wakiuliza maswali niliyokuwa nayo mimi, na nikatumia pesa yote ya nauli. Kabla sijaondoka nilifuta historia ya kivinjari. Hapo ndipo ufundi wangu wa kompyuta ulipoanzia, kwenye kufuta nyayo.

Yule kijana wa saiba alinitazama nikilipa, akasema, "Kaka, kompyuta zote hapa zimejaa mambo ya watu. Yako wewe tu kila siku inaamka haijui kitu." Alikuwa anacheka. Nilihama saiba.

Mwaka 2009 kebo za intaneti za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa kutoka baharini, nami nilikuwa Nairobi nasomea kompyuta. Kasi ilipanda, simu zikaingia mfukoni, na watu kama mimi tukakutana kwenye vikundi vya siri tukiwa na majina ya bandia. Nilikuwa na akaunti tatu na nywila tatu, na nyakati nyingine nilisahau mimi ni nani kwenye ipi. Humo ndani vijana wa Pwani waliitana shoga bila kutetemeka, kwa sauti ile ile ya akina mama wa Majengo. Mara ya kwanza kulisoma nilicheka peke yangu ndani ya matatu.

Januari 2014 mwandishi Binyavanga Wainaina alichapisha mtandaoni makala akimwambia mama yake, aliyekuwa ameshafariki, kwamba yeye ni shoga. Niliisoma ofisini, dirisha la msimbo likiwa wazi pembeni ili mtu akipita niifunike nalo haraka. Wainaina alifariki tarehe 21 Mei 2019. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu ikakataa kufuta kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kile kinachotumiwa dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, chenye miaka 14 jela. Uamuzi niliufuata kwenye simu, chini ya meza, katikati ya kikao cha kazi. Nilipoulizwa maoni yangu kuhusu ratiba nikasema ni nzuri.

Kisha nikapewa kazi ya kuandika kichujio. Kampuni ilikuwa na programu ya kutumiana ujumbe, na ilitaka matusi yazuiwe. Nilikabidhiwa orodha ya maneno, na kwenye mstari wa kumi na kitu likawepo neno la Mama. Sikusema kitu. Kuuliza kwa nini limo kungekuwa kujitangaza, au ndivyo nilivyodhani. Nikaandika msimbo, ukapita majaribio yote, nikaenda kula.

Wiki ya pili yakaanza malalamiko. Mwanamke mmoja aliandika kwamba amemtumia rafiki yake pole ya msiba mara nne na ujumbe haufiki; sasa amemtukana nani? Nilipofungua rekodi nikaona: "Pole, shoga yangu." Kichujio changu kililinganisha herufi tu, hakikujua msiba. Kosa hili ni la zamani katika fani yetu. Mwaka 1996 kampuni ya intaneti ya AOL ilikataa kusajili wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, kwa sababu ndani ya jina la mji wao mna tusi la Kiingereza.

Nikajaribu kanuni: likifuatwa na "yangu", lipite. Lakini mtu anaweza kukejeli kwa "shoga yangu" pia, na wenzangu wa vile vikundi waliitana hivyo bila "yangu" yoyote. Kuliondoa kabisa? Nikamkumbuka yule mtoto wa uwanjani. Nilikaa na jambo hilo siku tatu, muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa na hitilafu yoyote. Mwisho niliacha kulipima neno, nikapima nani anamwambia nani: walio na namba za wenzao kwenye simu zao ujumbe upite, mgeni azuiwe kwanza. Si dawa kamili, maana aliyenirushia jiwe lile alikuwa dawati moja nami.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani. Jirani alipiga hodi, sasa anatembea na mkongojo, na Mama akaitika, "Karibu, mwenzangu." Nilimsubiri aondoke nikauliza lile neno limekwenda wapi.

"Aa, mwanangu, siku hizi limechafuka. Watoto wakilisikia wanacheka."

Akapangusa meza palipokuwa pakavu. Kisha akanitazama kitambo, akaniuliza kama nitakula sasa hivi au nitangoja magharibi.