Siku ya Kwanza ni ya Kupiga Hodi

Tanga,
Septemba

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku wazima. Baba yako anaendelea na dawa, na mguu umeanza kupungua uvimbe. Habari ya kwamba umepata nafasi ya kusoma Istanbul ilinifikia kabla hujanipigia simu, maana furaha ya nyumba yetu haijui kukaa ndani. Nimemshukuru Mungu. Umesema utafika Jumamosi usiku, Jumatatu uripoti chuoni, na Jumapili kutwa utakuwa peke yako kwenye hoteli ndogo ya Sultanahmet. Jumapili hiyo ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Unajua nimeukanyaga mji huo miaka mingi, nikifuata mzigo wa nguo kule Laleli. Lakini siku yangu ya kwanza niliiharibu kwa tamaa. Nilitaka kuona kila kitu kabla jua halijatua. Nikakimbilia jumba la masultani la Topkapı, nikakuta limefungwa. Kumbe kila Jumanne halifunguliwi. Nikadandia tramu bila kuangalia inaelekea wapi, nikashuka nisikokujua, njaa inaniuma, viatu vipya vimenichubua visigino. Karibu na daraja la Galata akapita mpiga rangi viatu, brashi yake ikaanguka. Nikaiokota, nikamfuata mbio kumrudishia. Akashukuru sana, akanishika anifutie viatu kwa wema wangu, na alipomaliza akadai pesa nyingi. Nikalipa, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na sikumjua mtu. Baadaye wenyeji waliniambia brashi ya namna ile huangushwa makusudi, mbele ya kila anayeonekana mgeni. Nilirudi chumbani macho yamepita mengi, moyo haukushika hata moja.

Kwa hiyo neno langu kwako ni hili: siku ya kwanza si ya kuumaliza mji, ni ya kuupigia hodi. Nyumba ya watu huiingii ukapitiliza mpaka chumbani. Unasimama mlangoni, unasalimu, unaangalia wenyewe wanavua wapi viatu, ndipo unapita.

Basi anza na salamu. Kule salamu ni “merhaba”, na wa kwanza atakayekusalimu utadhani amekuitikia kabla hujasema shikamoo. Mama mtu mzima mwite teyze, aliyekuzidi umri kidogo mwite abla, mwanamume mzima amca. Ni kama mama mkubwa, dada na ami, kwani nao hawapendi mkubwa aitwe kwa jina tupu. Herufi zao tangu mwaka 1928 ni hizi hizi tunazotumia sisi, ila c wanaisoma j, ç ni ch, na ş ni sh. Ukiona kibao kimeandikwa “cami”, soma jami: huo ni msikiti. Saat, dakika, kitap, kalem, sabun, hesap, dünya, yote utayatambua, maana wao na sisi tumechota katika kisima kimoja cha Kiarabu.

Lakini kuna neno moja nataka ulitie moyoni. Sisi tukisema msafiri tunamaanisha aliye njiani. Wao wakisema misafir wanamaanisha mgeni aliyefika nyumbani. Wewe utajiona uko safarini; wao watakuona umewafikia. Ndiyo sababu utakaribishwa chai dukani hata kabla hujauliza bei. Karibu hiyo ipokee kwa adabu ya mgeni, na kwa akili ya mgeni pia.

Akili yenyewe ni kujua umuulize nani. Muulize aliyekaa, usimuulize anayekufuata. Mwenye duka, muuza mkate, mama anayengoja tramu, hao wana mahali pao na kesho watakuwepo. Anayekujia mbio akitaka kujua umetoka nchi gani na kama uko peke yako, mjibu salamu na uendelee na njia yako. Wala usione haya kuonekana mgeni. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na miaka michache baadaye akaingia mji huo huo uendao, wakati huo ukiitwa Konstantinopoli na ukitawaliwa na mfalme Mkristo. Mfalme alimpa farasi na mtu wa kumtembeza. Ikiwa bingwa wa safari alikubali kuongozwa, sisi ni nani?

Sasa nikupangie siku yenyewe. Kabla hujatoka chukua kadi ya hoteli yenye anwani, uiweke mbali na simu, kwa sababu chaji huisha. Vaa viatu ulivyokwisha vizoea. Mji ule ni wa vilima na mawe. Tia kanga mkobani: itakuwa ushungi wako msikitini na shuka yako upepo wa bahari ukivuma. Nunua simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, ukae uwanjani katikati ya Ayasofya na msikiti wa Sultan Ahmed wenye minara sita. Kaa tu. Sikiliza, tazama watu wanavyopishana.

Kisha chagua mahali pamoja tu pa kuingia, na kwa ushauri wangu pawe Ayasofya. Ilikamilika mwaka 537 ikiwa kanisa, ikawa msikiti mwaka 1453, ikafanywa makumbusho katika miaka ya 1930, na mwaka 2020 ikarudi kuwa msikiti. Watalii wana mlango wao wa kulipia, wanaosali wana wao. Wewe ingia na wanaosali, uswali Adhuhuri yako, utulie chini ya kuba lile. Topkapı na mengineyo yatakungoja. Una miaka minne. Soko kubwa la Kapalıçarşı Jumapili hufungwa, nami nafurahi, kwa kuwa siku ya kwanza mtu hajui bei na mkono wake ni mwepesi.

Ukitoka hapo fuata reli ya tramu kwa miguu, kuteremka, mpaka baharini Eminönü. Reli hiyo ndiyo kamba yako: ukipotea, itafute, itakurudisha. Njiani, saa ya chakula, tafuta mkahawa ambao mafundi na wenye maduka wanakula. Vyakula vimewekwa mbele, unaonyesha kwa kidole, huhitaji Kituruki. Pale Eminönü pita ndani ya soko la viungo uvute harufu ya karafuu na mdalasini, ukumbuke nyumbani. Kodi ya maduka yale ilikuwa wakfu wa kuutunza Yeni Cami, msikiti ulio jirani, ambao mama wa sultani ndiye aliyeukamilisha katika miaka ya 1660. Mimi mfanyabiashara nikipita pale kila mara huwaza kwamba faida nayo inaweza kusali.

Mwisho nunua Istanbulkart kwenye mashine za vituoni. Kadi hiyo moja hulipa tramu, basi, treni na kivuko. Panda kivuko cha Kadıköy. Ni kama kuvuka Magogoni kwenda Kigamboni, ila hapa unatoka Ulaya unakwenda Asia, na chai inauzwa humo humo katika vigilasi vyembamba kiunoni. Kaa nje. Mji wote utajipanga mbele yako, kuba na minara, na hapo utajua umekaribishwa. Urudi kabla ya giza. Mwezi huu jua huzama karibu na saa moja usiku, lakini Desemba litazama saa kumi na moja na nusu jioni. Usilipime kwa jua la Tanga.

Na saa yako usiiguse. Tangu mwaka 2016 Waturuki hawabadilishi saa zao, nazo zinalingana na zetu mwaka mzima. Hesabu tu ndiyo tofauti: wakikwambia “saat dokuz”, yaani tisa, asubuhi, ni saa tatu kwetu. Zamani babu zao walihesabu kuanzia jua kutua, kama sisi, mpaka jamhuri yao ilipoiacha hesabu hiyo mwaka 1926. Jumatatu usije ukachelewa chuoni kwa ajili ya hilo.

Mungu akutangulie, akulinde na macho mabaya, akurudishe na elimu yenye manufaa. Mama yako hatalala Jumamosi mpaka asikie sauti yako. Ukifika piga simu, hata kama ni usiku wa manane. Saa ya huko ndiyo ya huku.

Ni mimi,
Shangazi yako akupendaye