"Mimi" si jibu

Anayebisha mlangoni husema hodi. Ukimuuliza ni nani, mara nyingi hujibu: "Mimi." Kisarufi jibu hilo halina kosa, ni kiwakilishi cha nafsi ya kwanza umoja. Lakini kila asemaye ni "mimi". Tunafungua mlango kwa sababu tumeitambua sauti.

Nililielewa jambo hilo mwaka jana, tulipopoteza ngano 11. Kikundi chetu kilikuwa kimewarekodi wazee wakisimulia, tukaweka sauti zao kwenye tovuti ndogo tuliyojitengenezea. Tulikuwa watu tisa tu, basi nikapendekeza tutumie neno moja la siri. Asubuhi moja rekodi 11 hazikuwapo, na nakala nyingine hatukuwa nayo. Kumbukumbu za seva zilionyesha kwamba aliyefuta ni "kikundi". Sote tulikuwa "kikundi". Lawama ikamwangukia mwenzetu aliyekuwa amegombana nasi juma lile, bila ushahidi mwingine wowote. Akaacha kuja mikutanoni. Mzee mmoja kati ya wale wasimulizi alikuwa ameshafariki.

Nikapewa kazi ya kutengeneza mlango mpya.

Wengine walitaka kila mtu atumiwe tarakimu kwa ujumbe mfupi wa simu. Hapo hakuna neno la kusahau. Lakini wawili kati yetu hutumia simu za dada zao, na laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika huweza kupewa mtu mwingine. Tarakimu hizo huthibitisha kwamba laini iko mkononi mwa mtu. Hazisemi ni mkono wa nani.

Wengine walitaka jetoni zenye saini ziitwazo JWT, ambazo kanuni zake zilichapishwa mwaka 2015. Jetoni hiyo ni kama barua yenye mhuri: ndani mna jina la mwenyewe na saa ya kuisha, na seva huhakiki mhuri bila kufungua daftari. Inafaa sana pale seva zinapokuwa nyingi. Lakini ikiibiwa, mwizi ataitumia mpaka muda wake uishe. Ukitaka kumzuia kabla ya hapo, huna budi kuweka orodha ya jetoni zilizobatilishwa, na hapo umelirudia daftari lile lile ulilolikwepa.

Sisi tuna seva moja. Nikachagua njia ya zamani: kila mtu na akaunti yake na neno lake la siri, ambalo seva hailihifadhi kama lilivyoandikwa. Akiingia, seva humwandika daftarini na kukipa kivinjari chake namba ndefu isiyobashirika. Simu ikipotea, nafuta mstari mmoja tu, na aliyeiokota yuko nje. Programu ya simu ya wasikilizaji, inayozungumza na seva kupitia API, nimeipa ufunguo wa kusoma tu. Hata ukivuja, hauwezi kufuta ngano.

Sasa tovuti inajua nani amefanya nini. Kuhusu zile ngano 11 haitajua kamwe, na kosa hilo ni langu kabla ya kuwa la yeyote aliyezifuta. Nilimwendea mwenzetu kumwomba radhi. Akaunti yake ipo, ina jina lake peke yake. Bado hajaingia.