Mtoto Anayenyamaza: Maneno kwa Mwenye Kushika Nafasi

Pengine wewe ni dada uliyemaliza pedagojia, diplome iko ndani ya sanduku, na kazi haijaonekana. Ao wewe ni mama wa Kalima, wa Kailo ao wa Punia, una mtoto wa miaka 4, na unafikiri kumpeleka gaderi ao materneli. Maneno haya ni yenu ninyi wawili, na baba mwenye kusoma juu ya bega la mama asikilize pia.

Mimi niliingia kazi ya kulea watoto hapa Kindu kwa kushika nafasi. Mama mwalimu alikwenda kuzaa, nikaitwa. Kisha nikaitwa pengine mara mbili: masomo moja ya kartie ya Kasuku, na kituo kimoja ng'ambo ya mto, Alunguli, kunakovukwa asubuhi kwa mtumbwi. Yote matatu yalikuwa ya watu binafsi, yenye kibali cha serikali. Ninataka kuwapa jambo moja nililolipata humo, kwa sababu linawagusa watoto wa kareri kuliko wengine.

Kazi yenyewe

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaihesabu materneli kuwa ngazi ya kwanza ya elimu ya taifa. Lakini elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 inahusu masomo ya msingi ya serikali tu, materneli haimo. Basi feza ya mwalimu wa watoto wadogo, mara nyingi inatoka mfukoni mwa wazazi. Na wewe mwenyeji wa eneo la madini unajua: bei ya kasiteriti ikianguka, wazazi wanachelewa kulipa, na mwalimu naye anachelewa kula. Hata katika masomo ya serikali wako walimu wanaoitwa N.U., maana yake hawajaingia bado katika orodha ya mishahara, na wanafundisha hivyo hivyo.

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inampa mama anayezaa wiki 14 za kupumzika. Wiki hizo ndizo kazi yako wewe mshika nafasi. Kabla hujakubali, uliza mambo matatu bila haya: Nani atanilipa, na siku gani? Mwenye kalasi anarudi tarehe gani? Je, watoto wameambiwa? Mbili za kwanza kila mtu anaziuliza. Ile ya tatu ni wachache wanaoifikiria, nami kwa hiyo ndiyo ninaandika.

Wanaolia na wasiolia

Katika masomo ya kwanza mwenye kalasi aliondoka siku ya ijumaa. Watoto hawakuambiwa neno. Walifikiri hivi: tukiwaambia watalia, afazali wakute tu mtu mupya. Juma tatu wakanikuta mimi.

Kulikuwa kelele! Mmoja alishika mlango, mwingine alijitupa chini, wasichana wawili walilia kwa sababu wenzao wanalia. Katikati ya kelele hiyo alikuwako kijana mmoja wa miaka 4, ameketi kwenye mkeka, mfuko wake juu ya magoti. Hakulia. Hakucheza. Saa ya kula alifungua kibakuli cha wali, akakiangalia, akakifunga. Siku ya pili vile vile, na ya tatu. Mama wa kufagia akamsifu: "Ule ni mtoto muzuri, hasumbuake mutu."

Kalasi ya pili ilikuwa ya mama mmoja mzee wa kazi, sisi wote tulimwita yaya. Aliniita pembeni, akasema: "Mdogo wangu, hawa wanaolia uwaache, watanyamaza. Angalia ule wa mfuko. Ule ameisha kukata tamaa."

Ndugu msomaji, neno la yaya huyo linapatana na jambo lililoonekana mbali sana na hapa. Huko Uingereza, mwaka 1952, mtu mmoja anayeitwa James Robertson alionyesha filamu ya msichana wa miaka 2 aliyelazwa hospitali siku 8. Wakati ule wazazi waliruhusiwa kuwaona watoto wagonjwa kidogo sana, kwa sababu waganga walisema: mzazi akija mtoto analia, asipokuja ananyamaza, basi afazali asije. Robertson aliyekuwa akifanya kazi pamoja na mganga John Bowlby, alikuwa amewaangalia watoto wengi wa namna hiyo. Aliona kwamba mtoto aliyeachwa anapita hatua tatu. Kwanza analia na kumwita mama. Kisha ananyamaza, anakosa hamu ya kula na kucheza. Mwishoni anaonekana amezoea, anacheka na kila mtu, lakini mama akifika anamgeuzia uso. Watu wa hospitali waliita hali hiyo utulivu, na Robertson akasema ni huzuni. Wengi walimkasirikia, lakini mwaka 1959 kamati ya serikali ilishauri hospitali za huko ziwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao bila mipaka mikali.

Sisemi kila mtoto mtulivu ni mgonjwa wa moyo. Wako waliozaliwa hivyo, na unawatambua: anakaa kimya, lakini anakula, mikono yake inachezea kitu, mwenzake akianguka anacheka. Yule wa kuogopea ni yule ambaye mdomo umenyamaza, na mikono imenyamaza pia.

Watoto wa kareri

Kwa nini ninasema jambo hili linatugusa sisi zaidi? Wazee wa Kalima wanakumbuka wakati wa SOMINKI, kampuni iliyoanza mwaka 1976 na kuisha mwaka 1997. Baba aliamka kambini, akaenda kazini, akarudi jioni. Leo baba ni mchimbaji wa mkono. Anaondoka na beleshi na baiskeli, anakaa kareri wiki tatu, mwezi, zaidi. Mama anafanya biashara ya mchele na mawese, naye anasafiri. Mtoto anabaki kwa bibi, kisha kwa shangazi, kisha kwa jirani. Akifika masomo, mwalimu anakuwa ndiye mtu mmoja aliye mahali pale pale kila siku. Halafu siku moja mwalimu naye hayuko, na hakuna aliyesema kitu.

Yule wa mfuko alikuwa hivyo. Baba yake alikuwa upande wa Kailo, mama yake aliuza sokoni.

Nilifanya nini? Kwa shauri la yaya, sikubadilisha kitu katika kalasi. Mkeka pale pale, wimbo wa asubuhi ule ule, hata kiti cha mwenye kalasi sikukihamisha. Kisha nikawakusanya watoto nikawaambia kwa Kiswahili chetu cha Kindu, maana Walega, Wakusu na Wasongola wote wanakisikia: "Mama mwalimu iko kwake, anangojea mutoto. Atarudia. Mimi niko tantini wa kumushikia kalasi." Niliweka mawe 14 ndani ya kopo, na kila juma tatu mtoto mmoja alitoa jiwe moja. Mawe yakiisha, mama mwalimu amerudi.

Yule kijana hakusema kitu. Nilikuwa ninaketi karibu naye wakati wa kula, bila kumlazimisha. Wiki ya tatu, mkono wangu ukiwa ndani ya kopo, akaniuliza polepole: "Tantini, mama mwalimu alikufaka?"

Nikamjibu: "Hapana, baba. Hakufaka. Iko mzima." Jioni nikamwuliza mama yake, naye akanieleza. Bibi aliyemlea mtoto alikufa miezi michache mbele, na nyumbani wakamwambia kwamba bibi amesafiri. Basi kwa mtoto huyo, mtu akiondoka bila kuaga, maana yake inajulikana.

Wiki ya nne akaanza kulia. Kila asubuhi alishika kitambaa cha mama yake, analia kwa nguvu. Mama akaogopa. Akaniambia: "Tantini, mbele hakuliake. Sasa masomo inamuharibia. Nitamutosha, niende naye sokoni, na nikienda kareri kwa baba yake nimubebe." Nilisikia baridi, kwa sababu kareri si mahali pa mtoto wa miaka 4. Kuna mashimo, kuna maji, kuna udongo unaobomoka. Na mtoto anayekulia shimoni, kesho anapewa beleshi, ingawa sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kazi za namna hiyo.

Nikamwomba wiki mbili. Nikamwambia: "Mama, anayelia anaamini kwamba kuna mtu wa kumsikia. Mbele hakuwa na imani hiyo." Tukapatana: asimkimbie tena kwa siri wakati anaangalia pembeni. Amwage kila asubuhi, amwambie saa ya kurudi kwa alama anayoielewa: jua likifika juu ya mwembe wa uani. Na saa hiyo afike kweli, hata kama nyanya zimebaki mezani. Mama alifanya hivyo. Machozi hayakuisha siku moja, yalipungua. Mfuko ulitoka magotini, ukawekwa pembeni, kisha ukutani pamoja na mingine. Wali ukaliwa. Mtoto akabaki masomo.

Kuondoka

Mawe yalipobaki mawili, akaniuliza tena: "Na weye utaendaka?" Nikamwambia ndiyo. Nikamwonyesha siku. Mkubwa wa masomo alinishauri niondoke wakati watoto wamelala, kusiwe kelele. Nilimwomba kwa heshima aniruhusu kuaga, akakubali. Siku ile mwenye kalasi alikuja na mtoto mgongoni, tukashinda pamoja asubuhi nzima, watoto wakatuona tukizungumza na kucheka. Saa sita nikaaga kila mmoja kwa jina. Wengine walilia, yule naye alilia. Kisha akaenda kuketi karibu na mwalimu wake.

Malipo yangu ya mwezi wa mwisho yalichelewa, kwa sababu wazazi walikuwa hawajalipa. Niliyapata kwa vipande. Ninaandika hilo ili dada asifikiri kazi hii inajenga nyumba.

Tufanye nini?

Dada unayeitwa kushika nafasi: usijaribu kuwafanya watoto wamsahau mwenye kalasi. Taja jina lake kila siku, kwa wema. Ukipata nafasi, ingia siku mbili mbele hajaondoka, watoto wawaone ninyi wawili pamoja. Kila asubuhi hesabu wanaolia, kisha tafuta asiyelia.

Mama unayetafuta gaderi: usiulize tu kama kuna kibali, vyoo na maji. Uliza pia walimu wanabadilika mara ngapi, na wakibadilika watoto wanaambiwa nini. Na ukisikia mtoto wako anasifiwa kwamba hasumbui mtu, fika siku moja saa ya kula, umwangalie mikono.

Baba wa kareri, najua hujui siku ya kurudi, shimo ndilo linaloamua. Basi usiahidi siku. Lakini usitoke alfajiri kama mwizi wakati mtoto amelala. Mwamshe, mwambie unakwenda wapi, mwambie nani atabaki naye, na kama kuna mtu anayerudi Kindu mbele yako, mtume na salamu zenye jina la mtoto ndani yake.