Jina Halirushiwi Dadu

Ukitaka kujua kama mtu amekisoma kitabu au amekipitia tu, mwambie akigeuze kiwe mchezo. Nazungumzia ile michezo ya kuigiza ya mezani: watu wanne watano, karatasi, penseli, dadu, na msimulizi mmoja. Hapo huwezi kusema "uchawi wake unavutia" ukaishia hapo. Lazima useme unafanyaje kazi, unagharimu nini, na nani anaulipia.

Mimi na wenzangu watatu tumekuwa tukiandika kanuni za kuchezea Earthsea, vitabu sita vya Ursula K. Le Guin vilivyotoka kati ya 1968 na 2001. Kama hujavisoma: ni dunia ya visiwa, wengi wa watu wake wana ngozi ya kahawia au nyeusi, na kila kitu kina jina lake la kweli. Anayelijua jina hilo ana nguvu juu ya mwenye jina. Ndiyo maana watu huitana kwa majina ya kawaida, na lile la kweli hulificha.

Njia rahisi ilikuwa kuazima kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo wa mwaka 1974 wa Gary Gygax na Dave Arneson. Uchawi wa mchezo ule nao ulitoka vitabuni, kwenye hadithi za Jack Vance: mchawi anakariri maneno, akishayatamka yanamtoka kichwani. Kwa hiyo kila siku ana idadi yake, ikiisha basi. Ni kanuni nzuri, lakini inasema kwamba shida ya uchawi ni uhaba. Kwa Le Guin shida ni matokeo. Kila tendo linagusa mizani ya dunia. Tukaamua hivi: ukifaulu kuita upepo au mvua, unachagua kisiwa kingine kwenye ramani na kukiwekea alama. Deni litadaiwa huko.

Jioni ya kwanza kucheza hivyo, mwenzetu mmoja, mwalimu wa fizikia, alikaa kimya ameshika penseli. Upepo alikuwa anauhitaji. Kisiwa cha kukidhulumu hakukipata. Mwisho akaamua kupiga kasia.

Ubishi wenyewe ulikuja kwenye majina. Kila mchezaji anaandika jina la kweli la mhusika wake kwenye karatasi, anaikunja. Mmoja wetu akataka kuwe na njia ya kulipata kwa dadu: kumi na tano kwenda juu, jina limetoka. Nikakataa. Akafungua kitabu cha kwanza: kwani Ged mwenyewe hakumtiisha joka wa Pendor kwa kulijua jina lake? Hoja ya haki kabisa.

Ila mimi ni mwandishi wa habari, na kazi yangu ni majina. Nauliza hadi la tatu, nahakiki kila herufi. Na yapo ambayo siyaandiki kamwe. Mwaka fulani mkubwa mmoja aliniita ofisini kwake, akanipa chai, akaniuliza kwa upole ni nani aliyenipa nyaraka za habari niliyoandika. Akasema hakuna atakayejua. Sikumtaja. Mtu yule yupo kazini mpaka leo, na tukikutana tunasalimiana kama wapita njia. Sasa niandike kanuni kwamba siri ya namna hiyo inatoka kwa bahati ya dadu?

Nikarudi kwa yule joka. Ged alikuwa amesoma habari za kale, akaunganisha, akakisia. Yaani alifanya uchunguzi! Basi hiyo ikawa kanuni: uliza wazee, soma kumbukumbu, kisha tamka jina moja mbele ya meza nzima. Ukikosea, uliyemlenga ndiye anayepata nguvu juu yako mpaka jua lizame.

Njia ya pili ni kupewa, na hiyo haina dadu hata moja. Unasukuma karatasi yako, mwenzako anaifungua. Tangu hapo anaweza kukuokoa, na anaweza kukuamuru. Huwezi kuidai irudi. Ndivyo Vetch alivyompa Ged jina lake, wakati Ged ameanguka na hana cha kumlipa.

The One Ring, mchezo wa Francesco Nepitello wa mwaka 2011 uliotokana na vitabu vya Tolkien, unahesabu matumaini ya mhusika kwa pointi, na naona ni usomaji makini. Lakini uaminifu sisi tumeuacha bila namba. Tumecheza miezi minne sasa, karatasi mbili tu zimefunguliwa. Ya yule aliyetaka dadu bado imekunjwa. Jumamosi iliyopita aliiweka karibu na kikombe changu, akaiacha kidogo, akairudisha mfukoni. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Na wewe msomaji, kitabu unachokipenda kingekuwa na kanuni gani? Anza na kile ambacho usingekubali kukirushia dadu.